Hosea Asifie Mwarimba

Siku wanakijiji wa Mwarimba walipoitwa kuonyeshwa wageni wao, Kristina alikuwa na shughuli moja tu kubwa: mumewe asikohoe.

Watu wa Kambi Sita walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi ya shule, wanatazamana na wenyeji kama ng'ombe mnadani, ila ng'ombe afadhali, yeye haombwi kutabasamu. Kampuni ya mkonge ilikuwa imepata mwenyewe mpya. Huyo mwenyewe mpya hakutaka kambi za vibarua waliozaliana humo tangu enzi za babu zao, na serikali ikaona iwatafutie kijiji. Kijiji chenyewe ndicho hiki, kando ya barabara ya kwendea Horohoro, watu wake Wadigo na Wasegeju na Wapemba wachache waliohamia zamani.

Afisa wa wilaya, kijana mmoja jina lake Innocent, alikuwa na kipaza sauti na viatu vyenye ncha. "Serikali haijamsukumia mtu mgeni," alisema. "Serikali imeshirikisha jamii. Mgeni njoo…"

"Mwenyeji apone!" waliitikia wachache.

"Apone nini, yakhe, na hatuumwi?" mtu akadakia kutoka nyuma, mkutano ukacheka.

Hapo ndipo aliposimama Bi Mwanamwema, mama mtu mzima, mfupi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. "Mimi nina swali dogo, baba. Na wakifa?"

"Wakifa?"

"Ee. Watu hufa. Watazikwa wapi?"

Innocent alicheka. "Mama yangu, tumewaletea watu wa kuishi, hatukuwaletea maiti!"

Wenyeji walicheka, wageni nao wakacheka. Kristina alicheka pia, maana kicheko hakina gharama, huku chini ya upande wa kanga anasikia mbavu za Hosea zinavyoruka. Alimfunika mdomo kama anayemfuta jasho. "Meza," alimnong'oneza. "Meza, baba Precious." Hosea akameza, machozi yakamtoka.

Bi Mwanamwema hakukaa. "Zamani za baba yangu, kampuni ilikuja hapa na adabu zake zote, ikaomba mahali pa kumzika nyapara wake aliyekufa kwa homa. Wazee wakatoa. Maiti hanyimwi udongo. Kesho yake wakazungusha seng'enge, ati ng'ombe wasilikanyage kaburi. Mwaka wa pili seng'enge ikasogea. Wazee walipouliza, wakajibiwa, hapa pana mtu wetu. Basi tazameni wenyewe, kutoka pale hadi relini, mkonge mtupu, na sisi tunalima juu ya mawe. Kwa hiyo, mwanangu, mgeni tutampa maji, tutampa chakula, tutampa pa kupanda mahindi na mihogo. Mnazi hapandi. Na kaburi hachimbi. Aliyezika ndiye mwenye ardhi."

Mkutano ulivuma. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Massoud, alijua upepo unakoelekea, akainuka haraka. Wageni watakaa kwa kuangaliwa tabia, alisema, na mkutano wa pili, baada ya mfungo, ndio utakaoamua kama wanapokewa moja kwa moja na kupewa viwanja vyao. Mpaka siku hiyo, lisionekane kaburi la mgeni hata moja. Likionekana, wote wanapanda lori kurudi walikotoka.

"Limepita!" alisema Innocent. Alikuwa anatazama saa yake, chakula cha mchana kinamngoja wilayani.

Njiani kurudi kwenye maturubai waliyopewa kulala, Hosea alishika mti akakohoa mpaka akapiga magoti. Kristina alisimama mbele yake, amepanua kanga, watu wasione.

*

Hosea alikuwa amekula vumbi la mkonge miaka mingi, kwanza kwenye korona, mashine ile ya kukamulia majani, kisha chumba cha brashi ambako nyuzi huchanwa na hewa yote huwa nyeupe. Babu yake alitoka Njombe kwa miguu yake mwenyewe kuja kukata mkonge. Baba yake aliukata, naye akauchana. Kampuni ilipobadilika akaambiwa asante.

Kifua cha namna hiyo hakifichiki chini ya turubai. Haukupita muda Mwarimba nzima ikajua kwa wageni kuna mgonjwa. Na hapa, msomaji, usidhani wenyeji walikuwa mashetani. Laiti wangekuwa mashetani, Kristina angewachukia akapumzika. Bi Mwanamwema alileta uji wa pilipili manga kila asubuhi, ameubeba mwenyewe, amefunika kawa. Akikuta mgonjwa amelala, anakaa kumngoja. Akiamka, anamnywesha.

"Shikamoo, mama," Hosea husema kwa pumzi zilizokatika.

"Marahaba, mwanangu. Kunywa. Usiseme sana."

Siku moja Kristina alimsindikiza mama huyo mpaka njiani, moyo umemjaa. "Mama, nikuulize. Mungu akimchukua huyu, mtanisaidiaje?"

Bi Mwanamwema alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nitakuja kulia nawe mpaka macho yavimbe. Tutakupikia, tutakutandikia mikeka, watoto wa hapa watachota maji. Hutashika hata kijiko."

"Na kaburi?"

"Jembe halitaingia ardhini, mwanangu. Hilo usiniombe, utaniumiza bure."

Kristina hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Massoud, akamkuta barazani anakata kucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgonjwa je?"

"Hajambo kidogo." Wote wawili walijua kuwa ni uongo, ila ndivyo mtu anavyojibu. "Mzee, naomba barua. Nimeulizia makaburi ya mjini, wanazika mtu yeyote, ila wanataka barua ya kijiji anachokaa marehemu."

"Marehemu? Si unasema hajambo?"

Kristina akainamisha kichwa.

"Sikiliza, binti," alisema Massoud, si kwa ukali. "Niandike nini? Kwamba Hosea anakaa Mwarimba? Mkutano haujasema hivyo. Nikigonga muhuri huo nimewapokea peke yangu, na hawa jamaa watanila nyama. Nenda kule ulikotoka, wakuandikie."

"Nilikotoka si kijiji, mzee. Ni kampuni."

"Ndiyo hivyo. Kaombe kampuni."

Akaenda. Mlinzi wa getini alikuwa mgeni, kijana wa kutoka mbali, sare bado ina mikunjo ya dukani. "Kambi Sita?" alisema. "Hapa hakuna kitu kama hicho." Na kweli hakikuwapo. Trekta lilikuwa limepita pote, nyumba, zizi, kanisa la mabati, na makaburi nyuma ya kanisa alikolala mtoto wake wa kwanza. Miche ya mkonge ilikuwa imesimama kwa mistari, imenyooka, ya kijani kibichi. Kristina alijaribu kukisia kaburi lilikuwa mstari upi, akashindwa. Mlinzi akamwambia aondoke, meneja asije akaona.

*

Mkutano wa pili ulipangwa Jumamosi. Jumatano Hosea alitapika damu.

Jioni hiyo alikuja Manase. Huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa wageni, zamani msimamizi wa zamu kwenye korona, na ndiye aliyemsimamia Hosea harusi yake. Hakuja peke yake. Alikuja na Innocent, ambaye alibaki mlangoni mwa turubai ameziba pua kwa kitambaa.

"Shemeji," alisema Manase, "Hosea ni ndugu yangu. Nilisimama naye madhabahuni, wewe shahidi."

"Sema ulichokuja kusema."

"Akifa kabla ya Jumamosi, tumekwisha. Tutakuwa na maiti mikononi, hatuna pa kuipeleka. Tukizika kwa nguvu, tunapakiwa kwenye lori. Tukiomba ruhusa, ndiyo kwanza tunawakumbusha habari ya nyapara. Kaya zote hizi, watoto wote hawa, wanamngoja Hosea."

"Wanamngoja afe?"

"Wanamngoja asifie hapa."

Kristina alimgeukia Innocent. "Baba, wewe ndiye serikali. Ulisema mmeshirikisha jamii."

"Tumeshirikisha, mama, na jamii imesema haitaki kaburi. Sasa nikiwalazimisha, huo utakuwa ushirikishwaji?" Aliteremsha kitambaa kidogo. "Halafu, kusema kweli, mazishi hayamo kwenye mradi. Kuna mabati, kuna maturubai, kuna mbegu. Mazishi hayamo." Akatazama pembeni. "Ila mtu asiye na mwenyewe, akifia hospitali ya mjini, halmashauri humzika bure. Haulizwi barua. Mimi sijasema kitu."

Akatoka. Walisikia pikipiki yake ikiwaka.

"Umesikia, shemeji," alisema Manase.

"Nimesikia nini? Nikamtupe mume wangu?"

"Si kumtupa. Atapata kitanda, atapata dawa. Wewe tu usiseme ni wako."

"Toka, Manase! Toka kabla sijakumwagia maji ya moto!"

Hosea, ambaye wote walidhani amelala, akafungua macho. "Mama Precious," alisema. "Nipeleke."

"Nyamaza, wewe."

"Babu yangu alikufa kwenye nyumba ya kampuni. Baba yangu hivyo hivyo. Mimi nataka mtoto wangu awe na kiwanja." Alipumzika, akatafuta pumzi. "Nipeleke kesho, ningali naweza kutembea. Ukinibeba, watatuuliza."

Kristina alimpiga. Ndiyo, alimpiga mgonjwa, kofi la begani, kisha akamwangukia kifuani akalia kwa sauti, na Manase akawa hana pa kuyaweka macho yake. Maji yalikuwa yamekwisha kuvuliwa nguo.

Asubuhi Precious alimwona baba yake amevaa shati la kanisani. "Baba, unakwenda wapi?"

"Muheza kwa shangazi. Nikuletee machungwa?"

"Mengi!"

"Mengi," alisema Hosea. Hakumkumbatia, maana akimkumbatia atakohoa, na akikohoa mtoto atalia. Bi Mwanamwema naye aliambiwa hivyo hivyo, Muheza kwa shangazi. Akasema heri, damu ni damu, akampa mgonjwa uji wa njiani kwenye chupa.

*

Waliingia hospitali bila kushikana mikono. Hosea alitangulia, Kristina nyuma kidogo, kama walivyopatana. Mlangoni miguu ilimwishia Hosea, akateremka ukutani taratibu mpaka chini, na hapo Kristina hakuwa na haja ya kuigiza. Alipiga kelele.

Nesi alikuja, mwanamke mnene, mchangamfu, miwani imening'inia shingoni. Walimwinua wakamlaza kwenye machela.

"Wewe nani wake?"

"Si mtu wake," alisema Kristina. "Nimemkuta stendi, ameanguka."

"Anaitwa nani?"

Kristina akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, jina aliloliita tangu ana umri wa miaka kumi na tisa. "Sijui."

Nesi alimwinamia mgonjwa. "Baba! Unanisikia? Unaitwa nani, baba?"

Hosea alitikisa kichwa.

"Una ndugu hapa mjini?"

"Sina."

"Huyu mama unamjua?"

Hosea alimgeukia Kristina. Alimtazama uso mzima, paji la uso, macho, mdomo, bila haraka, na Kristina akatamani sana aseme ndiyo. Kaya zote na ziende zilikotoka, mabati na mbegu vitumbukie baharini, aseme tu ndiyo, huyu ni mke wangu.

"Simjui," alisema Hosea. "Mungu ambariki."

"Amina," alisema nesi, akashusha pumzi. "Mama, watu kama wewe wamebaki wachache. Sisi hapa tunaona mengi. Mtu anamleta baba yake mzazi, anamtupa mlangoni kama takataka, anakimbia. Wewe humjui hata jina, umemgharamia nauli. Utalipwa mbinguni."

Walipoanza kusukuma machela, Kristina alivutwa. Vidole vya Hosea vilikuwa vimeshika pindo la kanga yake. Hakuwa anamtazama, alikuwa anatazama dari, ila vidole havikuachia.

"Ee baba," nesi alimwambia kwa upole, huku anavibandua kimoja kimoja. "Mwachie mama wa watu aende zake."

*

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Innocent alikuja na mpiga picha. Alizungumza sana, akasema wageni wamekaa kipindi chote cha kuangaliwa bila wizi, bila ugomvi, bila mazishi, na hilo la mwisho alilitaja akimtupia jicho Manase. Kristina alikaa benchi la mbele, Precious ubavuni, hasikii vizuri. Tangu Alhamisi kila kitu kilimfikia kama kinatoka chumba cha pili.

"Kabla ya kupiga kura, nani ana neno?" aliuliza Mzee Massoud.

Bi Mwanamwema akasimama. Manase alifumba macho.

"Mimi ndiye niliyekataa kaburi," alisema. "Nisingependa mtu mwingine alitengue neno langu, nalitengua mwenyewe. Nimekwenda kwa hawa watu kila siku na uji wangu. Nimemwona mke anavyomuuguza mume. Hapa kwetu wangapi huuguzwa vile? Nikajiuliza, yule Hosea akifa, nimwambie mkewe nini? Mtu amekunywa uji mkononi mwangu, kisha nimnyime udongo? Aliyetuibia ni kampuni. Nyapara wake alilala tu, maskini, hakujua lolote. Mimi nasema wapewe nusu ekari kule ng'ambo ya kijito, wazike watu wao. Na Hosea akitangulia, ubani na maji ya marashi nitaleta mimi."

Mzee mmoja akasema, "Kweli," na mwingine, "Wapewe," na mikono ikaanza kuinuka, wanawake kwanza, halafu wote. Wageni walikumbatiana. Mtu alipiga kigelegele. Mpiga picha alikuwa anapanda juu ya dawati apate watu wote.

"Umeona ushirikishwaji?" alisema Innocent kwenye kipaza.

Bi Mwanamwema alikuwa amekwisha kumfikia Kristina, anacheka, machozi yanamlengalenga. "Haya, mwanangu, yamekwisha. Mpigie shangazi yake simu, wamrudishe mgonjwa wetu. Akae hapa, aumwe hapa, na likija la kuja, yuko kwao."

Kristina akasimama. Manase, ambaye alikuwa ameona uso wake, aliruka akamdaka mkono.

"Kaa chini, shemeji."

"Niachie."

"Viwanja bado havijagawiwa! Wakijua tulichofanya watatuona sisi si watu. Kaa!"

"Kwani sisi ni watu, Manase?"

Akajichomoa. Alivuka uwanja katikati ya vigelegele, Precious anamwita nyuma, akafika barabarani akapanda bodaboda ya kwanza iliyosimama.

Nesi alikuwa yule yule. Alimtambua tokea mbali. "Ah, msamaria wetu! Umekuja kumtazama? Una moyo, mama. Pole, alifariki jana alfajiri. Chumba cha maiti kimejaa, hawawekwi sana, leo asubuhi halmashauri wamewachukua, yeye na wengine."

Kristina alishika meza. "Alisema kitu?"

"Hakusema la maana. Kila akizinduka anauliza, leo Jumamosi? Tunamwambia bado. Leo Jumamosi? Bado, baba. Tukadhani ni Msabato."

"Wamemzika wapi?"

"Huko wanakozikwa wasio na wenyewe. Shimo huwa moja, hawaweki alama. Hata ukienda hutamjua yupi ni yupi." Nesi alivua miwani akamtazama vizuri. "Kwani mama, kuna ndugu zake umewapata?"

"Ni mume wangu."

"Nani?"

"Mume wangu. Anaitwa Hosea." Alisema kwa sauti kubwa, wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka wote. "Hosea! Ni mume wangu wa ndoa ya kanisani, nina mtoto naye, ni wangu!"

Nesi alibaki na miwani mkononi. Alimtazama Kristina toka kichwani mpaka miguuni, uchangamfu wote umemtoka. Nyuma yao mlango ulifunguliwa, wanaume wawili wanasukuma mgonjwa mwingine, na nesi akamwambia asogee ukutani awapishe.